Kutafuta Vipuri vya Treni ya Stoo

(Hotuba iliyotolewa ukumbini siku ya mkutano wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa. Msemaji alisoma hapa 1963–1966, na baadaye alikuwa fundi umeme wa reli.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya mchango wa reli katika maendeleo ya taifa. Nilimjibu kwamba habari hizo zimo vitabuni, na wanaozijua kunishinda ni wengi. Kama angeniruhusu, mimi ningezungumza juu ya treni ambayo kichwa chake pamoja na tenda yake havizidi sentimita 30. Alinyamaza siku nne, nadhani alikuwa akiuliza wenzake kama akili zangu ni timamu, kisha akakubali. Basi lawama zote ni zangu.

Wazee wenzangu wa miaka ile mtakumbuka sanduku la mbao lililokuwa stoo ya Fizikia, juu ya rafu ya mizani. Ndani yake mlikuwa na vichwa viwili vya treni ndogo, mabehewa machache, na reli za bati. Mwalimu wetu wa Fizikia, Mwingereza, alikuja nayo katika mizigo yake, na aliporudi kwao akatuachia. Sisi hatukuiita mchezo wa watoto, maana kwa treni ile ndipo tulipofundishwa mwendo kasi. Vipande vinane vya reli vilivyopinda hufanya duara moja, nusu kipenyo chake inchi 15, yaani kama sentimita 38. Vijana mtapiga hesabu wenyewe: mzunguko mmoja ni mita 2.4 hivi. Mwalimu alishika saa, sisi tukahesabu mizunguko, tukapata jibu. Mpaka leo nikisikia neno "kasi" naliona duara lile mezani.

Miaka minne iliyopita stoo ilipokuwa ikisafishwa, sanduku hilo lilipangwa kwenda jaani pamoja na madawati mabovu. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alilifungua kwanza, akalificha chini ya kitanda bwenini, kisha akamuuliza mwalimu wake kama yuko mzee yeyote anayeweza kulitengeneza. Ndivyo lilivyonifikia nyumbani, limefungwa kwa kamba ya katani, juu ya basi.

Kabla ya kutafuta kipuri, jua kwanza ulicho nacho. Hili wengi hulipuuza, na ndilo linalomaliza fedha. Vichwa vyetu viliandikwa Hornby Dublo, kazi ya kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Frank Hornby, alifariki 1936, na treni hizi za Dublo zikatoka 1938. Kichwa kikubwa kina jina ubavuni, Duchess of Montrose. Hicho kilianza kuuzwa 1953. Kile kidogo ni cha aina ya tangi, kisicho na tenda nyuma, chenye magurudumu sita ya kuvuta na mawili madogo ya kufuata. Vyote viwili ni vya reli tatu. Reli ya katikati huleta umeme, na zile mbili za pembeni huurudisha. Chini ya kichwa kuna kijiko cha shaba kinachosugua reli ya katikati, na magurudumu yote ni chuma kitupu. Mwaka 1959 kampuni ilianza kutengeneza za reli mbili, maana washindani wao walikwisha tangulia na watu waliona reli ya tatu ni ya kizamani. Mwaka 1964 Meccano ikanunuliwa na Lines Bros, wenye treni za Tri-ang. Lines Bros nao wakaanguka 1971. Na kiwanda cha Liverpool, kule Binns Road, kikafungwa 1979. Kwa hiyo mwenye kuandika barua kwa kiwanda kuomba kipuri anaandika kaburini.

Hali hiyo haikunitisha, na nitawaambia kwa nini. Mimi niliingia karakana ya reli Nairobi 1967 kama mwanafunzi wa ufundi. Wakati huo mashine kubwa kuliko zote katika reli ya Afrika Mashariki zilikuwa Garratt za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, kila moja uzito wake yapata tani 250, na zilipewa majina ya milima yetu. Moja yao, namba 5918, Mlima Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Ukipita huko nenda uiguse. Basi Beyer Peacock walifunga kiwanda chao 1966. Nilianza kazi mwaka mmoja baada ya mama wa mashine hizo kufa. Na bado zilitembea kutoka Mombasa hadi Nairobi, miaka kadhaa tena. Kipuri kilitoka kwa ndugu yake aliyelala uani, au kilimiminwa na kuchongwa palepale karakanani. Msimamizi wetu alikuwa na daftari la mashine mbovu, na kwenye kila ukurasa aliandika kilichokwisha kutolewa na kilichobaki. Mashine iliyokufa kwake ilikuwa ghala.

Treni ndogo nayo hutengenezwa vivyo hivyo. Ghala lake ni minada ya mtandaoni, masoko ya vitu vya kale huko Uingereza, na mafundi wadogo wadogo, wengi wao wastaafu kama mimi, wanaotengeneza upya magurudumu, brashi, springi na skrubu ambazo kiwanda hakipo tena kuzitoa. Kipo pia chama cha wakusanyaji wa treni za Hornby, kilichoanzishwa 1969, na wanachama wake hawana choyo cha maarifa. Mimi nina mpwa wangu Birmingham. Yeye ndiye aliyekuwa miguu yangu, na mkewe amenitumia salamu kwamba asisikie tena neno "treni" mezani pake.

Siri ya ununuzi ni hii: usinunue kipuri kimoja kimoja kama unaweza kununua maiti nzima. Kichwa kibovu kisicho na bodi, kilichokatika ndoano, kilichopakwa rangi vibaya na mtoto, huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu mkusanyaji hakitaki. Ndani yake mna magurudumu, gia, brashi, skrubu zote na pengine sumaku nzima. Skrubu peke yake ni hazina, maana nyuzi zake ni za kipimo cha Kiingereza cha zamani ambacho hukipati katika duka la vifaa vya ujenzi mjini kwetu. Nilizunguka maduka sita nikitafuta skrubu moja, na katika duka la sita mwenye duka alinipa maji ya kunywa kwa huruma.

Lakini maiti nayo huchunguzwa. Nilinunua fremu moja kwa sababu mwenye nayo alisema ni ya kabla ya vita ya 1939, nami nikaona fahari. Ilipofika ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Zile fremu zilimiminwa kwa zinki iliyochanganywa na madini mengine, na kama risasi kidogo tu imeingia kwa uchafu, chuma huvimba na kupasuka polepole kwa miaka mingi. Hakuna dawa yake. Hakuna gundi, hakuna kulehemu. Muuzaji hakunidanganya; picha aliiweka wazi, na mpasuko ulionekana. Ni mimi niliyesoma tarehe bila kutazama picha.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi, na mwanafunzi wa Fizikia atalipenda. Nilifungua mota ya kichwa kidogo, nikaichomoa amecha, nikaiacha sumaku peke yake mezani usiku kucha. Sumaku za aina ile hupenda kuwa na chuma katikati ya ncha zake. Ukichomoa chuma bila kuweka kingine mahali pake, nguvu yake hupungua. Asubuhi niliporudisha kila kitu, mota ilizunguka kwa uvivu, ikanyonya umeme mwingi na kupata moto. Mimi, fundi umeme wa miaka arobaini! Sumaku ilibidi iende Uingereza kwa fundi mwenye mashine ya kuitia nguvu upya, na posta ilizidi bei ya kazi yenyewe. Siku hizi ziko sumaku ndogo za neodimiamu zenye nguvu nyingi ambazo wengine hutia mahali pa ile ya zamani, nazo hufanya kazi. Mimi nilitaka ile ile irudi.

Sasa nije kwenye kichwa kikubwa, Duchess. Hapa Mwenyekiti naomba uvumilivu, maana nitatoka kidogo katika ufundi.

Wale wa miaka yetu mnakumbuka kwamba kichwa hicho kiliungua 1965. Jioni moja mtu alikiunganisha na mtambo wa umeme wa maabara, kwenye matundu ya mkondo geu badala ya mkondo mnyoofu. Mota ile inataka volti 12 za mkondo mnyoofu, kama wa betri. Ukiipa mkondo geu haizunguki. Hunguruma kama nyuki ndani ya mtungi, na waya wake hupata moto mpaka unaungua. Ulitoka moshi na harufu. Asubuhi yake, mstarini, lilisomwa jina la mwanafunzi aliyekuwa na ufunguo wa maabara wiki ile. Aliondolewa katika chama cha sayansi, akakata majani ya uwanja wa mpira wiki mbili, na hakuingia tena maabara isipokuwa kwa kipindi cha darasa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza wetu katika Fizikia.

Hakuwa yeye. Nilikuwa mimi. Ufunguo niliuchukua mfukoni mwa koti lake tulipokuwa tukicheza mpira, nikaurudisha kabla hajavaa. Nilitaka kuona treni ikienda nikiwa peke yangu. Nilisimama mstarini nikasikia jina lake likisomwa, na sikufungua mdomo. Baadaye mimi nikaenda kujifunza umeme wa reli, yeye akaenda kuwa karani wa chama cha ushirika.

Sanduku liliponifikia sikuligusa wiki nzima. Kisha nilipanda basi nikaenda kwake. Tulikula, tukazungumza habari za wajukuu, na giza lilipoingia nikamwambia. Akasema, "Nilijua. Nilikuona unatoka umeshika viatu mkononi." Nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu kwamba alingoja niseme mimi. Halafu akaniomba jambo moja tu. Jina lake lilisomwa mbele ya shule. Basi lisomwe tena mbele ya shule.

(Hapa msemaji alitaja jina, na mwenyewe, aliyekuwa ameketi safu ya nne, alisimama. Kwa ombi lao wote wawili hatulichapi. – Mhariri)

Asante, ndugu yangu. Kaa.

Amecha ya Duchess, kwa hiyo, sikutaka kuinunua mnadani, ingawa ingepatikana. Nilitaka kuisuka mwenyewe. Ina meno matatu, kila jino na koili yake, na komyuteta ya shaba iliyogawanywa vipande vitatu. Kabla ya kufumua, pima kwa mita ukinzani kati ya kila vipande viwili. Vipimo vitatu vinapaswa kulingana. Kwangu viwili vilikaribiana na cha tatu kilikuwa mbali kabisa, ikawa dhahiri koili gani ilikufa zaidi. Nilifumua zote tatu nikihesabu mizunguko, nikiandika pia upande waya ulikoelekea, kisha nikasuka kwa waya mpya wa unene ule ule wenye rangi ya kuhami. Mikono yangu inatetemeka siku hizi. Ya kwanza niliisuka mara nne. Kisha nikasafisha komyuteta kwa spiriti, na mianya yake mitatu kwa kijiti cha meno, maana unga wa kaboni ukijaa pale huunganisha kisichotakiwa kuunganishwa. Brashi mpya za kaboni zilikuja ndani ya bahasha ya kawaida. Na nilikuta gia zote zimeganda kwa utomvu wa rangi ya asali: mafuta ya nazi! Sijui ni kizazi gani kilichotia, lakini nawaomba msirudie. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine kila ekseli, basi.

Duchess nimeiacha katika reli zake tatu kama ilivyozaliwa. Kichwa kidogo ndicho nilichokigeuza kiwe cha reli mbili, na sababu yake ni ninyi vijana. Reli za aina tatu hupatikana kwa mitumba tu, ni nzito, na posta yake ni maumivu. Za reli mbili huuzwa mpya hadi leo, upana ule ule wa milimita 16.5, na chama chenu kikijaliwa kununua kichwa kingine chochote cha kipimo hicho vitatembea pamoja. Ila chagueni reli nene, ile yenye kimo cha milimita 2.5 hivi, maana magurudumu ya zamani yana ukingo mrefu, na kwenye reli fupi yatagongagonga misumari.

Kugeuza ni hivi. Katika reli mbili, reli moja ni chanya na nyingine ni hasi, kwa hiyo gurudumu la chuma kitupu upande huu likiunganishwa na ekseli kwa la upande ule, umeme hupita moja kwa moja na kila kitu huzimika. Lazima magurudumu ya upande mmoja yahamiwe na ekseli yake. Bahati njema, kampuni yenyewe ilitoa tangi lile lile kwa reli mbili, hivyo nilinunua maiti ya aina hiyo na kuhamisha magurudumu. Kijiko cha katikati nikakitoa (nimekihifadhi kwenye bahasha, msikitupe), na mahali pake nikafunga kipande kidogo kisichopitisha umeme, chenye ulimi mwembamba wa shaba unaogusa nyuma ya magurudumu yaliyohamiwa. Waya mmoja kutoka hapo hadi brashi iliyotengwa na fremu. Brashi ya pili inarudi kwa fremu na magurudumu ya upande wa pili. Imekwisha.

Imekwisha, isipokuwa jambo moja lililonipotezea siku tatu. Magurudumu ya kuvuta ya kushoto na ya kulia hayakai sambamba. Pini ya upande mmoja hutangulia ya upande wa pili kwa robo duara, na ekseli zote tatu lazima zitofautiane kwa kiasi kile kile, la sivyo vyuma vinavyounganisha magurudumu hukaza na kichwa hutembea kama mbuzi kilema. Katika mashine kubwa ya mvuke tulikuwa na sababu nzuri ya robo ile: pistoni moja ikifika mwisho wa safari yake haiwezi kuanza kusukuma, basi ya pili iwe katikati yenye nguvu. Mota ya umeme haina shida hiyo, lakini gurudumu limeiga mama yake. Kule Nairobi tulikuwa na mashine kubwa kama nyumba ya kupimia jambo hilo. Nyumbani nilitumia kioo, pembemraba ya mjukuu wangu, na subira.

Kijana mmoja wa chama cha sayansi aliniuliza mbona nisitie chipu, ili kichwa kiendeshwe kwa simu kama vya siku hizi. Swali zuri. Mfumo huo, uliotokana na kazi ya Lenz wa Ujerumani na kukubaliwa kama kanuni na chama cha Wamarekani miaka ya 1990, unawezekana hata kwa mota ya zamani. Waya mwekundu na mweusi huenda kwenye reli, wa machungwa na wa kijivu kwenye brashi. Lakini brashi zote mbili lazima ziachane kabisa na fremu, na yetu moja bado imeshikana nayo. Ukiwasha hivyo chipu inakufa papo hapo. Tena mota hizi ni walafi. Niliizuia kwa kidole nikapima, ikanyonya zaidi ya ampea moja, na chipu nyingi ndogo haziwezi kubeba zaidi ya hapo. Nimeacha mchoro ndani ya sanduku. Mkitaka, fanyeni ninyi, kwa fedha yenu na lawama yenu.

Mzee mmoja pale mbele amenikonyeza, najua anataka kuuliza kama treni hizi zingeweza kugeuzwa ziwe Garratt yetu. Kwa sura, labda, kwa mwenye macho na miaka. Kwa reli, hapana. Reli yetu ya kati ni ya mita moja, na ukiigawa kwa 76, ambacho ndicho kipimo cha bodi hizi, unapata milimita 13 tu. Hata Waingereza wenyewe walidanganya: reli yao ya milimita 1,435 ingetakiwa kuwa karibu 19, wao wakatumia 16.5. Ndiyo sababu ukizitazama kwa mbele zinaonekana kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto.

Nimalizie kwa mambo ya nyumba. Sanduku limerudi stoo ya Fizikia, na ufunguo anao mwalimu wa Fizikia. Mtambo wa umeme nimeuandika kwa rangi nyekundu ni matundu gani ya kutumia. Behewa la mizigo la kijivu halina ekseli moja, na springi ya brashi ya Duchess upande wa kushoto imechoka. Mwenye ndugu Uingereza aniletee jina lake baada ya chakula. Saa kumi, meza ya katikati ya maabara, tutawasha. Swichi ataibonyeza mwenye ufunguo wa mwaka 1965.